Ayutthaya kwa treni ya daraja la tatu: namna ninavyoipanga siku yangu

Safari yangu ya kwanza Bangkok, Thailand, ilikuwa ya kufuata nguo soko la Pratunam. Siku ya mwisho mzigo ulikuwa umeshaingia kwa wakala, ndege ni kesho yake usiku, na mimi nimekaa hotelini nahesabu vigae vya sakafu. Kijana wa mapokezi akaniuzia safari ya Ayutthaya kwa basi dogo. Tukazungushwa mahekalu saba kwa saa tano, na katikati tukashushwa kwenye duka la vito, dakika hamsini nzima. Niliporudi nikafungua picha zangu, sikuweza kusema hekalu lipi ni lipi. Yote matofali mekundu, yote masanamu yasiyo na vichwa.

Nimerudi mara nne tangu hapo, ya mwisho Novemba 2023, na mara zote nne kwa treni. Utaratibu nilionao sasa ni huu: mahekalu manne badala ya saba, mwongoza watalii wa asubuhi tu, na mchana natembea mwenyewe. Asubuhi mtu ananifundisha kusoma magofu, mchana nayasoma. Ukishika hilo, mengine yote ni mambo ya nauli na jua.

Kabla ya yote ujue unakwenda wapi. Ayutthaya ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Siam, ndiyo Thailand ya leo, tangu 1350 hadi 1767, miaka zaidi ya mia nne. Umekaa kwenye kisiwa, na kisiwa chenyewe kimezungukwa na mito mitatu: Chao Phraya, Lopburi na Pa Sak. Meli za biashara zilipanda mto kutoka baharini mpaka mlangoni. Wareno walifika 1511, wakafuata Wajapani, Waholanzi, Waajemi, kila taifa na kitongoji chake nje ya kisiwa. Aprili 1767 jeshi la Burma liliuteka mji likauchoma moto, na wafalme waliofuata wakahamia kusini, mpaka mji mkuu ukatulia Bangkok. UNESCO iliyaingiza magofu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991. Kwa mtu aliyewahi kutembea Kilwa Kisiwani, hisia ni ileile, isipokuwa hapa mji mpya umeota katikati ya mji wa kale, na unaweza kuona mama anaanika nguo kwenye uzio unaopakana na mnara wa karne ya kumi na tano.

Mwongozaji kwanza, tiketi baadaye

Watu wengi hufanya kinyume. Treni zipo kila siku na tiketi ya daraja la tatu haiishi. Mtu mzuri wa kukuongoza ndiye anayeisha.

Thailand kazi ya kuongoza watalii imewekwa kwa raia wa Thailand peke yao, na kila mmoja lazima awe na leseni. Leseni yenyewe ni kadi yenye picha, na hutakiwa kuvaliwa akiwa kazini. Basi mtu akikufuata stesheni na Kiingereza kitamu lakini hana kadi shingoni, mwambie asante, endelea na safari yako. Haidhuru hata kama ni Mwafrika mwenzako aliyekaa Bangkok miaka kumi na anakwambia atakupeleka kwa bei ya kindugu. Akikamatwa, siku yako imeishia hapo.

Nilipata wa kwangu kwa kuulizia mama mmoja anayeniuzia blauzi, kwa kuwa shemeji yake anafanya kazi hiyo. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Ayutthaya. Namwita Phi, yaani dada mkubwa, naye ananiita nong, mdogo wake. Wathai wana adabu hiyo ya kutaja undugu kabla ya jina, kama sisi tu, na ukiitumia sauti ya mazungumzo yote hubadilika. Bei hushuka pia, ingawa sisemi ndiyo sababu.

Mnapopatana, haya yaandikeni kwenye ujumbe wa simu, yasibaki mdomoni. Mkutane stesheni ya Ayutthaya, usimlipe kuja Bangkok kukuchukua. Saa nne za kazi zinatosha. Majina ya mahekalu yatajwe. Hakuna duka, hakuna kiwanda cha hariri, hakuna tembo. Tembo bado wapo mjini wakibeba watalii kwenye viti vya mbao, na utaombwa zaidi ya mara moja. Mimi sipandi. Na muulize kabisa kama jumba la makumbusho liko wazi siku unayokuja, kwa sababu siku yote imefungwa kwenye fundo hilo, nitaeleza.

Msimu: Novemba hadi Februari ndiyo nafuu, hewa kavu na joto la kuvumilika. Nilikwenda mara moja Aprili. Matofali yalikuwa yanarudisha joto kama tanuri la mikate, na kufika saa sita mchana Phi mwenyewe alikuwa amekaa chini ya mti anajipepea na ramani yangu.

Stesheni mbili

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo sikiliza. Tangu Januari 2023 treni za masafa marefu za kaskazini huondokea kwenye stesheni mpya kubwa, Krung Thep Aphiwat, kule Bang Sue. Treni za kawaida, zile za kusimama kila kituo, zimebaki Hua Lamphong, stesheni ya zamani iliyofunguliwa 1916 yenye paa la upinde kama pipa lililopasuliwa katikati. Zote mbili zinafikika kwa MRT, treni ya chini ya ardhi, laini ya buluu. Zote mbili zina treni zinazosimama Ayutthaya. Lakini siyo treni zilezile, wala nauli siyo ileile. Mimi nilimwambia dereva teksi "stesheni ya treni", akanipeleka mpya, nikalipa mara kadhaa ya bei ya daraja la tatu kwa kiti chenye kiyoyozi kilichonitia mafua. Sema jina la stesheni. Au onyesha limeandikwa kwa Kithai kwenye simu.

Mimi ni wa Hua Lamphong. Nenda na pasipoti, fika dirishani, sema Ayutthaya, sema ordinary, utapewa tiketi ya daraja la tatu kwa baht (fedha ya huko) 15 au 20. Ndiyo, ishirini. Chupa ya maji na kahawa ya barafu pale stesheni vitakugharimu zaidi. Tiketi hizi hazina namba ya kiti, unakaa unapopata, kwa hiyo panda mapema. Usipange kuinunua mtandaoni wala kumlipa wakala akununulie.

Usishangae mwaka ulioandikwa. Wathai huhesabu kwa kalenda ya Kibuddha, iliyo mbele ya hii yetu kwa miaka 543, kwa hiyo tiketi yangu ya 2023 iliandikwa 2566. Kumbuka hesabu hiyo, itakufaa kwenye vibao: ukiona 2310 ujue ni 1767, mwaka mji ulipoungua.

Na kuhusu saa, Mswahili ana bahati. Mtalii wa Ulaya huchanganyikiwa akisikia Wathai wakitaja saa za usiku, sisi hatuchanganyikiwi. Saa moja usiku wanaiita *nueng thum*, na *nueng* ni moja. Saa mbili usiku *song thum*, na *song* ni mbili. Nilipomwambia Phi kwamba kwetu ni hivyohivyo, alicheka mpaka akanipiga begani. Lakini ratiba ya treni hufuata saa ishirini na nne, usiitafsiri kichwani ukachelewa.

Ukiwa stesheni saa mbili kamili asubuhi, au saa kumi na mbili jioni, utasikia wimbo wa taifa. Kila mtu husimama wima, hata muuza kahawa. Simama nawe, ni dakika moja tu.

Kaa upande wa kushoto wa behewa. Treni inaelekea kaskazini, jua la asubuhi liko mashariki, kuliani kwako. Jioni ukirudi unaelekea kusini, jua limehamia magharibi, na kuliani kwako tena. Kushoto asubuhi, kushoto jioni. Madirisha ya daraja la tatu hufunguliwa, feni ziko darini, na jua likikupata dirishani huna pa kulikimbilia. Hili nililigundua kwa kuungua mkono mmoja.

Njia yenyewe ni ya kilomita 71 na ndiyo ya kwanza ya serikali ya Siam, ilifunguliwa na mfalme Chulalongkorn mwaka 1897. Inachukua saa moja na nusu hadi mbili, ikitegemea treni imeamkaje. Mwanzo ni migongo ya nyumba, vibanda vimesogea reli kiasi cha kuona watu wanapiga mswaki. Kisha uwanja wa ndege wa Don Mueang, viwanda, halafu mji unalegea na mashamba ya mpunga yanaanza. Wachuuzi hupita na kuku wa kuchoma na wali wa kunata kwenye mifuko. Pombe hairuhusiwi ndani ya treni wala stesheni. Vituo havitangazwi kila mara, ila vibao vina herufi za Kilatini. Ukiona Bang Pa-In, kusanya vitu vyako.

Kuvuka

Stesheni ya Ayutthaya iko nje ya kisiwa, ng'ambo ya mto Pa Sak. Madereva wa bajaji watakupokea kwa bashasha. Bajaji za huku zina pua la duara lililovimba kama uso wa chura, na ni nzuri sana kwa picha, lakini kama unakwenda peke yako hauhitaji moja asubuhi hiyo. Vuka barabara kubwa iliyo mbele ya stesheni, ingia kichochoro kilicho mkabala, kinaishia mtoni kwenye kivuko. Unalipa baht chache tu, mnavuka kwa dakika mbili, na ng'ambo kuna baiskeli za kukodi, mimi nililipa baht 50 kwa siku. Kagua breki kabla ya kulipa.

Nikiwa na Phi tunakodi bajaji, baht 200 kwa saa mara ya mwisho, kwa sababu magoti yake hayataki baiskeli na mimi namheshimu. Patana na dereva kwa saa, siyo kwa hekalu. Ukipatana kwa hekalu atakuharakisha kila pahali.

Nguo: mabega na magoti yafunikwe. Kina dada, kanga moja kwenye mkoba inamaliza tatizo hili lote, na ni sitara ya jua, na taulo, na mkeka wa kukalia. Viatu viwe vya kuvulika haraka. Maji lita moja na nusu kila mtu.

Wat Mahathat: darasa la kwanza

*Wat* maana yake hekalu. Hili lilianzwa katika karne ya kumi na nne na lilikuwa kati ya makuu ya mji. Fika mapema, mageti hufunguliwa saa mbili asubuhi, na mabasi kutoka Bangkok huanza kumwaga watu kuanzia kama saa nne. Kiingilio kwa mgeni kilikuwa baht 50, kwa Mthai baht 10, na bei ya Mthai imeandikwa kwa tarakimu za Kithai ili usiione ukanuna. Mimi siwezi kulalamika, mbugani kwetu wageni hulipa hivyohivyo. Wapo wanaokushauri ununue tiketi ya pamoja, iliyokuwa baht 220 kwa mahekalu sita. Kwa manne nililipa 200. Tiketi ya sita itakufanya uyakimbilie mawili ambayo huyahitaji.

Kila mtu hukimbilia kichwa cha Buddha kilichoshikwa na mizizi ya mti. Ni kichwa cha jiwe, mti ni wa jamii ya mkuyu, na mizizi imekizunguka mpaka umebaki uso tu, mtulivu, kama mtoto anayechungulia kutoka kwenye blanketi. Hakuna aliyeandika kilifikaje hapo. Wengine husema kilianguka mji ulipoharibiwa na mti ukakiotea, wengine husema mwizi alikiweka akashindwa kukibeba. Ukipiga picha, chuchumaa au piga magoti, kichwa chako kiwe chini ya kile. Mlinzi yupo, na atakukumbusha.

Lakini mwambie mwongozaji wako akupeleke huko mwisho. Kwanza akusimamishe katikati ya uwanja na akufundishe maumbo mawili: *prang* na *chedi*. Prang ni mnara mnene unaopanda na kuviringika juu, kama gunzi la mahindi lililosimamishwa. Asili yake ni Wakhmer, watu wa Angkor, kule Kambodia. Chedi ni kengele iliyowekwa chini na mpini wake mrefu mwembamba ukaelekea juu. Umbo hilo lina nasaba ya Sri Lanka. Mahekalu ya mwanzo ya Ayutthaya yana prang katikati. Baadaye kengele ikatawala. Halafu mfalme mmoja, tutamkuta jioni, akairudisha prang kwa makusudi. Kwa maneno hayo matatu unaweza kutazama mnara wowote kisiwani na kukisia zama zake. Prang kuu ya Mahathat yenyewe ilianguka mwanzoni mwa karne ya 20, limebaki tako lake.

Tazama pia masanamu yasiyo na vichwa. Phi alinishika mkono akaniweka mbele ya moja lililovunjika kifuani. Ndani ni matofali yaliyopangwa, juu yake chokaa iliyosuguliwa laini, kisha hapo zamani rangi au dhahabu. Shingo ndiyo mahali pembamba. Mengine yalivunjwa na vita vya 1767, mengine yaliangushwa na mvua na miaka, na mengi yalikatwa na wezi baadaye kabisa, kwa sababu kichwa ndicho kinachouzika. Kwa hiyo usisimame nyuma ya kiwiliwili ukaweka kichwa chako pale kwa mzaha. Kwa Mthai ile siyo sanamu iliyovunjika, bado ni Buddha. Na usipande juu ya matofali, hata kama kila mtu amepanda.

Neno kwa wafanyabiashara wenzangu, maana najua tunavyofikiri: sanamu za Buddha, za kale au za juzi, hazitolewi nchini bila kibali cha Idara ya Sanaa. Ukiuziwa nusu ya uso barabarani, umeuziwa kesi.

Wat Ratchaburana, na dhahabu yake

Liko jirani tu, unavuka barabara. Nalipenda kuliko yote kwa sababu lina kisa kizima, mwanzo na mwisho, na unaweza kukifuata kwa miguu.

Mwaka 1424 mfalme alifariki. Wanawe wawili wakubwa, Ai na Yi, kila mmoja akauendea mji na jeshi lake akitaka kiti. Walikutana, wakapigana juu ya tembo, wakauana wote wawili. Mdogo wao wa tatu, Sam, ambaye hakupigana na mtu, ndiye aliyetawazwa. Alichoma maiti za kaka zake, na mahali hapo akajenga hekalu hili, na chini ya prang akaacha chumba chenye hazina.

Chumba kilikaa karibu miaka 533. Mwaka 1957 wezi walichimba wakaingia. Baadhi walikamatwa na sehemu ya mali ikarudishwa, kisha Idara ya Sanaa ikafukua iliyobaki. Leo unaweza kupanda ngazi za nje, halafu kushuka kwa ngazi nyembamba zilizosimama kama ukuta mpaka juu ya chumba chenyewe, kuna michoro ya ukutani iliyofifia. Kuna joto la kisima humo na harufu ya popo. Mwenye presha au asiyependa mahali pa kubana abaki nje, hajapoteza.

Ukitoka, usiende hekalu lingine. Nenda moja kwa moja makumbusho ya Chao Sam Phraya. Soma tena jina hilo: ni yule mdogo wa tatu. Jumba lilifunguliwa 1961, na hapo ndipo dhahabu ya kile chumba ilipowekwa: upanga wa ala ya dhahabu, tembo mdogo aliyepiga magoti akiwa amevishwa vito, mapambo ya kifalme. Kiingilio kilikuwa baht 150 na watalii wa basi hulipita. Uende ukiwa bado na vumbi la chumba kwenye viatu. Niliingia mara ya pili bila kupitia Ratchaburana kwanza, nikaona vito tu, kama dukani. Na kuna kiyoyozi, saa sita mchana, wakati huo nje hapakaliki.

Hapo saa nne za Phi zimekwisha. Mlipe taslimu, kwa mikono miwili, na kama amekuridhisha ongeza kitu.

Chakula

Supu za tambi za boti ndizo maarufu hapa, bakuli ndogo nyeusi tamu, lakini mara nyingi zina nguruwe na damu. Nguruwe ni *mu*, kuku ni *kai*. *Mai sai mu*, usitie nguruwe. *Mai phet*, isiwe ya pilipili, ingawa hawataamini. Waislamu wasihofu, Ayutthaya ina Waislamu wa enzi na enzi: Sheikh Ahmad, mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, alifika mwanzoni mwa karne ya 17, akapanda hadi kuwa mkubwa wa mambo ya biashara wa mfalme, na kaburi lake liko hapahapa kisiwani. Tafuta alama ya halali.

Na usiondoke bila *roti sai mai*. Vibanda vimejipanga barabara ya U Thong, mkabala wa hospitali, na wauzaji wengi ni familia za Kiislamu. Unapewa mfuko wa chapati nyembamba kama karatasi, nyingine za kijani, na mfuko wa nyuzi za sukari kama nywele za bibi. Unaweka nyuzi, unakunja, unakula. Nunua mfuko mkubwa, wa kwenye treni. Roti yao na chapati yetu zote zina asili ya India, na hilo hunifurahisha kila mara.

Mchana peke yako

Pumzika mpaka saa tisa. Kisha Wat Phra Si Sanphet: kengele tatu zilizopangwa mstari, kwa hiyo wewe sasa unajua siyo hekalu la mwanzo kabisa. Zina majivu ya baba na wanawe wawili, mfalme Trailokanat na wafalme waliomfuata. Lilikuwa hekalu la ndani ya ikulu, watawa hawakuishi humo. Palikuwa na Buddha wa kusimama wa mita 16 aliyevishwa dhahabu, askari wa Burma wakawasha moto wapate kuiyeyusha. Mabaki yake baadaye yalipelekwa Bangkok na kuzikwa ndani ya chedi moja ya Wat Pho. Jengo la pembeni lenye paa, lenye Buddha mkubwa wa shaba anayeitwa Mongkhon Bophit, bado ni pahali pa ibada, vua viatu, keti nyayo zikielekea nyuma, na kina mama wasimguse mtawa wala kumpa kitu mkononi. Jengo hilo lilikarabatiwa miaka ya 1950, na waziri mkuu wa Burma, U Nu, alichangia.

Kama saa kumi na nusu chukua bajaji uvuke mto upande wa magharibi, Wat Chaiwatthanaram. Huyu ndiye yule mfalme niliyekuahidi: Prasat Thong, aliyelijenga mwaka 1630 kwa heshima ya mama yake. Tazama katikati, prang, mita 35, gunzi la mahindi, wakati kengele zimeshatawala miaka. Alitaka afananishwe na wafalme wa Angkor. Kuzunguka uwanja kuna Mabuddha 120 waliokaa, karibu wote bila vichwa, na jua likishuka vivuli vyao hulala kwenye majani mstari mmoja. Mafuriko ya 2011 yaliingia mpaka humu, uliza walinzi wakuonyeshe maji yalifika wapi. Utakuta wasichana wa Kithai wamevaa nguo za kale za kukodi wakipigana picha, tangu tamthilia moja ya televisheni ilipovuma 2018. Waombe uwapige moja ya pamoja, hufurahi.

Mwambie dereva akusubiri. Upande huu, jioni, hupati mwingine kirahisi.

Kurudi

Ratiba ya kurudi ipige picha asubuhi unapofika, ubaoni. Lenga treni ya baada ya saa kumi na mbili, na ujue kuna nyingine baada yake, kwa sababu inayotoka kaskazini imetembea siku nzima na hufika inapofika. Mara ya mwisho ilichelewa dakika arobaini. Nilikaa kwenye benchi la mbao na kanga begani, mwanafunzi mmoja kando yangu akitazama mfuko wangu wa roti kwa adabu. Nikamkunjia moja. Akanionyesha kwamba nakunja vibaya, nyuzi ziwe chache na zitangulie upande mmoja, akanikunjia ya kwake.

Weka baht 20 za noti tofauti kwenye mfuko wa mbele. Dirishani jioni chenji huwa haipo. Hakikisha tiketi imeandikwa Hua Lamphong, siyo ile stesheni nyingine. Kaa kushoto.